Ndesanjo Ndani ya Piramidi

Ndesanjo wa Nkoaranga amewapandisha wageni Mlima Meru tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kileleni amefika mara nyingi, ila zote zilikuwa safari za watu. Ndiyo maana alipostaafu alitamani moja iwe yake mwenyewe: aingie piramidi kule Misri, afike mpaka chumba cha mfalme.

Alimwomba rafiki yake Abdiel waandamane. Abdiel akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Upande ndege ukaangalie kaburi? Bwana wee, makaburi si tunayo hapa migombani, tena hayana kiingilio!"

Ndesanjo akaenda peke yake. Kairo hakupata wa kumsemesha. Hotelini alikula akitazamana na ukuta.

Tiketi ya kuingia ndani ilikuwa ya mara moja tu. Na njia yenyewe, jamani, ni nyembamba, inapanda, dari liko chini, mtu anainama kama anayeingia banda la mbuzi. Magoti yalimlalamikia, lakini alipanda. Mbele akaona mwanga, pale njia inapofunguka.

Ndipo akasikia pumzi nyuma yake. Mimi na wewe tungesema mtu kachoka. Ndesanjo aliijua pumzi ile: ni ya mtu aliyeshikwa na hofu. Akageuka: mama mmoja mgeni, wa rika lake, kang'ang'ania chuma cha pembeni, macho yamemtoka. Wenzake walishatangulia. Watu walijibana, wakampita.

Ndesanjo akautazama ule mwanga. Mlimani, aliyeshindwa hashuki peke yake. Lakini leo hakuwa kazini.

"Pole pole, mama," akajisikia anasema. Akamshika mkono, wakashuka kinyumenyume, mama akimjibu kwa lugha asiyoijua.

Nje walikaa kwenye jiwe. Mama hakumwachia mkono, na Ndesanjo akatamani wenzake wachelewe. Hawakuchelewa. Walitoka kwa kelele, wakamzunguka, wakaenda naye kwenye basi lao. Ndesanjo akarudi mlangoni. Askari aliitazama tiketi iliyochanwa, akatikisa kichwa.

Jioni binti yake Sia akapiga simu kutoka nyumbani kwake, mtaa wa Kwa Mrombo.

"Shikamoo baba! Chumba cha mfalme kikoje?"

"Marahaba. Sikufika, mwanangu. Nilimshusha mtu."

"Baba! Hata huko? Nani huyo?"

"Mama mmoja."

"Anaitwa nani?"

Ndesanjo akahamisha simu sikio la pili.

"Sikumuuliza," akasema. "Wala yeye hakuniuliza."