Mlo wa Ajenda ya Saba

Kisasi nilichokipika kwa siku tisa kililiwa kwa saa tatu na nusu, na aliyekila kuliko wote ndiye niliyemkusudia. Ni mwaka sasa umepita na mimi bado nimeshiba.

Nianze na maharage, maana ndiko nilikotokea. Nilikuwa mpishi wa shule ya sekondari hapa wilayani Hanang, shule yenye kidato cha kwanza mpaka cha sita. Nilisonga ugali kwenye sufuria ambayo ng'ombe angeweza kuogelea ndani yake na bado akapata nafasi ya kugeuza. Nikishafuta masizi, naenda Katesh kwenye masomo ya jioni ya watu wazima. Kidato cha nne nilikifaulu nikiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni, kwa hiyo cheti kile tulikipata watu watatu. Baadaye nikaenda Arusha, jikoni kwenye hoteli ya watalii. Mchana nakaanga, usiku nasoma: kidato cha sita, kisha Kifaransa, kisha stashahada ya ualimu. Sikuwahi kukaa darasani jua likiwaka mpaka siku niliyoingia kufundisha.

Na nilikuja kufundisha wapi? Shule ile ile. Mwalimu wao wa Kifaransa alikuwa amehamishwa, kidato cha tano na cha sita wamebaki yatima, bodi ikanichukua kwa mkataba.

Siku ya kwanza, saa nne, walimu tuko kwenye chai. Mwalimu wa taaluma, yaani yule anayepanga ratiba na mitihani, akagonga kikombe na kijiko.

"Jamani, mkaribisheni mwenzetu. Jana alitupikia maharage, leo anatufundishia Kifaransa. Kesho fizikia tumpe mlinzi."

Wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, ndivyo nilivyoumbwa, nikiangukiwa na mti nitacheka kwanza. Lakini nilihesabu kila jino lililoonekana pale, na la kwake nililiandika kwa wino mwekundu.

Hakuishia hapo. Darasa langu akalipeleka kwenye stoo ya zamani ya mahindi, iliyopakana ukuta na ofisi yake. Mle ndani dawa ya wadudu ilinuka hadi mbu walikuwa wanaomba ruhusa kutoka. Vipindi akanipangia mchana, baada ya chakula, wakati ambao hata malaika wanasinzia. Na binti mmoja wa kidato cha tano, kiranja wa darasa langu, alipokwenda kwake kuomba kamusi, akamwambia, "Utafika wapi wewe na Kifaransa cha mama ntilie?" Binti akaja kuniambia macho yamejaa maji. Hilo la kwangu ningeweza kulisamehe nikiwa mzee sana, labda nikiwa kitandani na padri yupo. La binti, hapana.

Mimi darasani nina sheria moja. Hakuna anayepata kitu bila kusema *s'il vous plaît, madame*, yaani tafadhali, mama. Chaki, daftari, ruhusa ya kwenda chooni, vyote. Nilitaka adabu ya Kifaransa iwaingie kama shikamoo ilivyotuingia sisi. Basi kila mchana maneno yale yanasikika, wanafunzi kumi na mmoja wanapokezana, na upande wa pili wa ukuta mwalimu wa taaluma anagonga kwa rula: pa, pa, pa! "Punguzeni kelele huko stoo!" Miaka miwili alikuwa akigonga ukuta ule. Nadhani upande wake kulikuwa na shimo.

Kisha ikaja ajenda ya saba.

Karani ndiye aliyenionesha, akiwa anachapa barua za mwaliko wa kikao cha bodi. Ajenda sita za kwanza zilikuwa za kawaida: maji, choo, uzio, mambo hayo. Ya saba, baada ya chakula cha mchana: kufuta mchepuo wa Kifaransa. Mwasilishaji, mwalimu wa taaluma.

"Kwa nini baada ya chakula?" nikamuuliza karani.

"Madam, wewe umekuwa mpishi. Mtu akishapiga pilau, si anakubali kila kitu?"

Alikuwa amepiga hesabu vizuri, yule bwana. Wajumbe wanakula dakika ishirini na tano, wanarudi wamelegea, anasoma taarifa yake, mikono inanyooshwa, kwisha. Wanafunzi wangu kumi na mmoja wanatawanywa kwenye masomo mengine katikati ya safari, na mimi narudi kwenye sufuria, kama sufuria yenyewe itanikubali. Nililala na karatasi ile kichwani. Asubuhi nikaamka nacheka peke yangu.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Mkuu wetu ni mtu mpole, ana udhaifu mmoja tu.

"Mkuu, wanafunzi wangu wana somo la utamaduni, namna Wafaransa wanavyokula mezani. Waache wao ndio wapike na kuhudumia bodi siku hiyo."

"Kuna nyama?"

"Mbuzi mzima."

"Endeleeni, Madam."

Mwalimu wa taaluma aliposikia, alifurahi hata akaja mlangoni kwangu kuniambia. "Umefanya vizuri. Mtu ni vyema amalizie pale alipoanzia."

Nikamjibu, "Asante sana, mwalimu. Uje na njaa."

Hapa lazima niseme kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua. Kwenye sherehe zetu chakula kinatoka mara moja. Ukifika kwenye hotpoti, unajenga mlima kwenye sahani, maana ukirudi mara ya pili utakuta wameshafunika na mama mmoja mkali ameyakalia masufuria. Mfaransa siyo hivyo. Hotelini niliwaona kwa macho yangu: kinakuja kidogo, kinaliwa, watu wanaongea, sahani inaondoka, kinakuja kingine. Na sahani haiondoki mpaka wa mwisho amemaliza. Na mezani hakuna makaratasi wala hotuba. Wale wa hotelini kwetu walikuwa wanakula vyakula vinne. Mimi nilipanga saba. Vitatu niliviongeza kwa heshima ya mwalimu wa taaluma.

Siku tisa tulifanya mazoezi. Mchana Kifaransa, jioni jikoni. Kila mwanafunzi alipewa mgeni wake mmoja, amweleze kila chakula kwa Kifaransa kwanza, halafu kwa Kiswahili, taratibu. Njegere zilitoka Gitting, perege tukaletewa kutoka Basotu, ngano ya mkate haina haja ya kusema, huku kwetu ipo hadi kwenye ndoto. Mbuzi alichinjwa na mjumbe wa bodi mwenye duka Katesh, ili naye ale kwa amani.

Kiranja wangu akaniuliza, "Madam, na akisimama aanze ajenda yake?"

"Akisimama, mpelekee sahani."

Siku ikafika. Ajenda sita zikaisha saa saba mchana. Wajumbe wakaingia kwenye bwalo dogo, wakakuta meza ndefu, vitambaa vyeupe, maua ya njegere kwenye glasi. Wanafunzi wamesimama nyuma ya viti kama maaskofu. Wa kwanza kuketishwa alikuwa mwenyekiti wa bodi, mzee mkulima wa Gitting. Wanafunzi wote wakampa shikamoo, akaitikia marahaba kumi na moja, moja moja, hakuruka hata mmoja. Nikajua huyu mzee hana haraka.

Kiranja akampitia kila mgeni na sinia. "Samahani baba, kwa Wafaransa mafaili hayakai mezani." Akakusanya yote, na la mwalimu wa taaluma likiwemo, akayaweka kwenye meza ya pembeni na kuyafunika kitambaa. Mwalimu wa taaluma alilisindikiza faili lake kwa macho kama mtu anayeona ng'ombe wake wakipelekwa mnadani.

Chakula cha kwanza: viazi baridi, mayai na mboga, na mkate. Wenzake walichukua kidogo, maana wanafunzi waliwashauri hivyo. Yeye hakusikiliza ushauri wa mtoto. Alijenga. Viazi chini, mayai juu, halafu mikate minne pembeni kama nguzo. Alikula kama mtu aliyeambiwa kesho imefutwa. Alipomaliza akajifuta, akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kwa kuwa sasa tumeshiba, naomba tuingie..."

Supu ya njegere ikaingia.

"Kaa, mwalimu," mwenyekiti akamwambia. "Mtoto ameleta."

Akakaa. Akanywa supu, na mkate mwingine, sasa akiwa na uhakika kwamba hii ndiyo ya mwisho, maana nani duniani amewahi kula zaidi ya mara mbili? Akasimama tena. Perege akaingia, mzima, kichwa na mkia, anamwangalia.

"Kumbe kuna samaki!" mjumbe wa Katesh akapiga makofi. "Kaa bwana, utamwagia watu."

Kwa mbuzi alikuwa amefungua kifungo cha kwanza cha suruali. Najua kwa sababu niliona shati lilivyoshuka. Akajaribu kuacha, na hapo mwanafunzi wake, kijana mpole kabisa, akamweleza kwa Kifaransa na kisha kwa Kiswahili kwamba kuacha chakula ni kumtukana mpishi, na kwamba wajumbe wengine wote wamemaliza, wanamsubiri yeye ndipo sahani ziondoke. Meza nzima ikamgeukia. Alitafuna kipande kimoja cha paja kwa muda ambao mtu angeweza kutembea kutoka Katesh mpaka Babati na kurudi na kitunguu.

Wenzake wakati huo walikuwa mbali sana. Mwenyekiti alikuwa anafundishwa na kiranja namna ya kumtakia mwenzako mlo mwema. "*Bon appétit*," anasema, kila sahani ikija, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe bondeni. Akasimulia alivyokula kwa babu yake zamani, kidogo kidogo, mazungumzo kwanza. "Hawa watu kumbe ni kama sisi wa zamani," akasema. "Sisi wa sasa tunakula kama tunafukuzwa." Mimi nilikuwa mlangoni na kitambaa begani, sikuketi hata mara moja. Nilitaka kuona kila tonge linavyoshuka.

Yakaja majani ya saladi. Ikaja jibini niliyoitengeneza kwa maziwa ya mgando, nimeyaning'iniza kwenye kitambaa safi siku mbili. Zikaja ndizi za kuchoma na asali. Kwenye jibini mwalimu wa taaluma alisimama mara ya mwisho, au alijaribu, akapanda nusu, akarudi mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Saa kumi na nusu dereva wa gari la Basotu akapiga honi nje. Wajumbe watatu wakaruka, hilo ndilo gari la mwisho. Mjumbe mwingine mvua ilikuwa inamngoja njiani. Akidi ikavunjika pale pale, juu ya maganda ya ndizi.

Mwenyekiti alikuwa anavaa koti, akakumbuka. "Hivi kulikuwa na ajenda ya saba. Ilihusu nini?"

Mwalimu wa taaluma akafungua mdomo. Ikatoka kwikwi.

"Niisome mimi, mzee," nikasema. Nikafunua kitambaa kwenye meza ya pembeni, nikalichukua faili lake, nikasoma kwa sauti yangu nzuri ya kusimamia mitihani: "Kufuta mchepuo wa Kifaransa. Yaani kulifunga hili darasa lililokupikia."

Mzee akawatazama wanafunzi wangu, mmoja mmoja, kama alivyowaitikia shikamoo. Halafu akamtazama mwalimu wa taaluma kwa muda mrefu, kuanzia usoni kushuka mpaka kwenye kifungo.

"Na wewe ndiye uliyeileta?"

Kwikwi.

"Basi ungeanza wewe kukataa kula." Akamgeukia mkuu wa shule. "Hii iondolewe. Wakiniletea tena, waniletee na samaki."

Haijaletwa tena mpaka leo. Stoo ya mahindi bado ndiyo darasa letu, sikuomba kuhamishwa. Napapenda pale karibu na ukuta.

Lakini siku ile haikuishia bwaloni. Jua linazama, tuko nyuma ya jiko, mimi nasugua sufuria, wanafunzi wanakausha sahani, tunakula ukoko wa nyama na kuigiza alivyokuwa anasimama na kukaa. Tukasikia hatua nzito. Ni yeye, ameshika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba gunia la mwenzake.

"Madam. Kuna ndimu?"

"Ndimu ipo, mwalimu."

Ilikuwa pale pale kwenye ubao, kando ya kisu. Aliiona. Akaingoja. Mimi nikaendelea kusugua.

"Tumbo limekaza," akasema.

"Pole sana."

Wanafunzi wakaacha kucheka. Sahani zikatulia mikononi. Kila mtu pale alijua kinachodaiwa, na yeye alijua kuliko wote, maana alikuwa amekisikia kupitia ukuta miaka miwili, mara mia kwa siku. Akaangalia nyuma, hakuna mwalimu mwenzake. Akamwangalia kiranja wangu, kiranja akamwangalia yeye, wala hakuinamisha macho.

Halafu akasema, pole pole, kama trekta linalojinasua kwenye tope la Basotu:

"*S'il vous plaît, madame.*"

Kila neno mahali pake. Nilimfundisha vizuri.

Nikajifuta mikono, nikachukua kisu, nikaikata ndimu katikati, nikampa nusu.