Matimba Chini ya Jiko la Mama Kulwa

Kinu kilitangulia. Kilitoboa udongo juu ya vichwa vyetu tukiwa chini shimoni, mahindi yakiwa bado ndani, kikampiga mchimbaji mwenzangu Masanja begani, halafu jiko zima la Mama Kulwa likafuata: mafiga, masufuria, ukuta wa tofali za kuchoma. Mama mwenyewe alikuwa ametoka kidogo kwenda mtoni kuchota maji. Mimi nilitolewa na mguu mmoja mzima. Masanja alitolewa maiti.

Nyie vijana mnaoingia machimboni leo, sikilizeni kazi yetu ilivyokuwa. Siku ya kwanza, kule Katoro, msimamizi wa duara, yaani shimo la kushukia kwenye dhahabu, aliniuliza shule nimefika wapi. Nikasema la tatu.

"Inatosha. Mti unalia kabla ya kuvunjika. Ukiusikia, usiulize, panda."

Akanipa shoka, nikawa mtu wa matimba, yale magogo yanayozuia udongo usitufukie. Nikazunguka nalo Geita yote mpaka viganja vikawa kama magome.

Ndipo nikaja mtaa huu wa mtoni, nyumba za wapangaji na bustani za mchicha. Mzee Lubinza, mwenye nyumba, alikuwa amekuta dhahabu akichimba choo. Akazungushia uwanja wake mabati, akawaambia majirani anachimba kisima. Mwamba wenye dhahabu ukatupeleka chini ya jirani yake, Mama Kulwa. Udongo wa mtoni ni laini, kwa hiyo nilibananisha matimba. Akitwanga, mchanga unatumwagikia shingoni.

"Shemeji anatupigia ngoma," Masanja alikuwa akisema. "Chimbeni, Wasukuma."

Miti ikapungua, Lubinza akagoma kununua mingine. Msimamizi wake, Ndalahwa, akaniambia, "Matimba ya nyuma yamelala bure. Ng'oa, peleka mbele."

"Bosi, juu kuna jiko."

"Kwani umepanga wewe hapo?"

Watu wakacheka. Nikakataa, akanihamishia kwenye pampu ya maji, wakang'oa wengine. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo, mwenyekiti. Chini ya Mama Kulwa pako wazi."

"Marahaba. Mzee Lubinza anachimba kisima. Unataka kumharibia?"

Siku jiko liliposhuka, nilikuwa nimeingia kuzibua mpira wa pampu. Mti haukulia. Haukuwepo.

Sasa nimestaafu, kama kukaa kwenye kigoda na gongo la kutembelea ni kustaafu. Lubinza amehamia Shinyanga mjini, duara kalifunika kwa mabati. Mama Kulwa hana pa kuhamia, analala na wajukuu kwenye vyumba viwili vilivyobaki. Mvua zimeanza, mto umepanda hadi kwenye mchicha. Kila asubuhi ananiuliza, "Baba Shija, huku chumbani kuko salama?" Zamu ya usiku ya Ndalahwa ilikata tawi jingine la shimo kuelekea mtoni, na huko sikuwahi kufunga hata mti mmoja, wala sijui linaishia wapi. Akitwanga, mimi huku nashika ukuta.

Ndalahwa, tunasikia uko Katoro, unakunywa na kucheka. Tawi hilo ulilikata wewe. Njoo mchana, mwenyekiti akiwepo na Lubinza akiwepo, utembee juu ya ardhi hii kwa miguu yako miwili, usimame pale linapoishia. Kama ni chini ya kitanda cha wale watoto, mwambie Mama Kulwa kwa mdomo wako, kabla hawajalala.