Filimbi na sahani ndogo

Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alianza kukosa macho mwaka ule mihogo yetu ilioza shambani, ao labda mbele kidogo, sikumbuki vizuri. Kilichoniuma ni kusikia hataenda tena na mimi kwa nyumba ya video. Hapa Baraka, kila Jumapili kisha misa, sisi wawili tulikuwa tunaenda kule. Ni depo ya zamani ya unga, mpaka leo ukikaa mule unatoka na harufu ya muhogo. Peke yangu ningeenda kutafuta nini?

Nikamwambia, "Mama, mi nitakuelezea yote."

Akacheka. "We? Hata padri alishakuomba unyamaze."

Lakini alikubali tujaribu mara moja. Filme ilikuwa ya luga ya mbali, hakuna mutu mule ndani aliyeielewa. Nikashika kazi: mutoto anaenda masomo, anarukaruka njiani, amevaa kofia nyekundu, kama ile nilinunuaga Mboko, upepo wa ziwa ukaibeba...

Bibi akanifinya mukono. "Muzee, funga kinywa. Hautaki nisikie filimbi?"

Kulikuwa filimbi, ndiyo. Mimi sikuitia maanani.

Kisha, mule kwa filme, nikaona mama mumoja anaosha sahani. Nikanong'oneza, "Hapa hakuna kitu. Anaosha vyombo tu."

Nilipogeuka, machozi yalikuwa yanamutoka.

"Mutoto amekufa," akasema.

"Nani amekuambia? Hakuna maiti, hakuna mutu analia."

"Ile filimbi imerudi. Ni wimbo uleule wa kurukaruka, lakini sasa unatembea polepole, unakatika katikati. Mutoto muzima hawamupigie vile."

Nikaangalia tena. Sahani ilikuwa ndogo. Ilikuwa safi tangu mwanzo, na yule mama alikuwa angali anaisugua. Kisha filimbi ikazima kabisa, tukabaki na sauti ya maji ya beseni peke yake, na nyumba nzima ikatulia, hata wale vijana wa kupiga mayowe. Na mimi pia.

Kwa njia ya kurudi ni yeye alinielezea filme. Mimi mwenye macho nilikuwa wa kuuliza.

Jumapili iliyofuata nilimukuta mulangoni, kitambaa tayari kichwani.

"Muzee, vaa viatu, tutachelewa. Na ule mudomo wako uuache hapa, ulinde nyumba."