Ya Nje Yangu, ya Ndani Yako

Ungetaka kumwona kocha wa mpira akitembea kwa adabu, ungekwenda uwanja wa mji saa mbili asubuhi, wakati Mama Pacha anakagua nyasi zake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na kofia pana, na sauti yake ilitoka goli hadi goli bila kuhitaji spika. "Wewe! Zunguka! Hapo pana mgonjwa amelala!" Mgonjwa mwenyewe alikuwa kipande cha nyasi changa, ukubwa wake kama mkeka wa mtu mmoja. Na kocha, mtu mzima mwenye filimbi shingoni na wachezaji thelathini nyuma yake, alizunguka.

Mama Pacha alikuwa anaijua kazi yake, na hakuona haya kusema kwamba anaijua. Alijua kuwa nyasi hazikatwi zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja. Alijua kuwa kila wiki sharti mashine ibadilishe mwelekeo, na kuwa kisu butu hakikati bali kinachana, ndiyo maana ncha hukauka zikawa rangi ya chai. Hayo hakuyasoma popote. Aliingia pale akiwa mfagiaji wa ofisi, mzee aliyekuwa mkataji akaugua, naye akaombwa ashike mashine kwa juma moja tu. Juma hilo lilikuwa limefikisha miaka kumi na saba.

Sasa twende nyumbani kwake tukaone maajabu. Nyuma ya geti la kijani palikuwa na kiwanja kidogo cha nyasi ambacho hata mbuzi angekionea huruma. Huku kipara, kule kichaka, katikati mistari iliyopinda kama iliyokatwa na mtu anayekimbizwa na nyuki. Majirani walicheka, wakasema kinyozi hajinyoi. Walikosea. Kinyozi huyu angejinyoa vizuri sana, ila wembe haukuwa mkononi mwake.

Wembe ulikuwa mkononi mwa mumewe. Walipooana, miaka kumi na tisa nyuma, bwana harusi alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye malori na bibi harusi hakuwa na kazi. Wiki ya kwanza tu wakakaa kwenye kitanda, maana kiti hawakuwa nacho, wakagawana dunia. "Ya nje yangu, ya ndani yako," akasema bwana. Nyasi, paa, geti na taa za nje kwa mume. Jiko, pasi, ndoo na vumbi kwa mke. Walipeana mikono kama watu waliouziana shamba.

Kisha kazi zikawachukua kila mmoja na njia yake. Mke akaangukia kwenye nyasi. Mume aliumia mgongo, akaacha malori, akaanza kumenya viazi kwenye jiko la shule ya bweni, na kabla hujasema lo, akawa mpishi mkuu. Wanafunzi mia sita walimlilia likizo zilipofika. Wali wake ulikuwa unachambuka punje kwa punje, na walimu waliokuwa na wake zao nyumbani walibuni vikao vya jioni ili wale pale shuleni.

Mapatano ya kitandani, hata hivyo, hayakuguswa. Mume akivua aproni getini mwa shule, hakugusa tena mwiko mpaka kesho yake. Kazini ni kazi, alisema, nyumbani ni heshima. Tena ng'ambo ya barabara alikaa Fundi, fundi cherehani mwenye macho ya kuona uzi ndani ya sindano na ulimi wa kuushona mtaa mzima. Mwanamume akionekana na mwiko nyumbani kwake, Fundi angempimia gauni. Basi kila Jumamosi mume aliitoa mashine, akazichanachana nyasi, na mkewe akasimama dirishani akiunguza maharage huku moyo unamuuma kama anayetazama mtoto wake akinyolewa na mlevi. Hakusema kitu. Alimpenda mumewe, na alimwona jinsi alivyojifuta jasho kwa fahari akimaliza.

Ndipo baraza la mji likatangaza nafasi ya msimamizi mkuu wa viwanja na bustani zote: uwanja wa mpira, bustani ya hospitali, mzunguko wa barabara kuu, na makaburi pia. Mama Pacha aliitaka nafasi ile kwa moyo wake wote, na hakuficha. Alikuwa amechoka kuona waridi za hospitali zikikatwa kwa panga. Aliingia kwenye usaili siku ya Alhamisi akiwa amevaa viatu vya kisigino, akawajibu watu watano maswali ishirini bila kumeza mate.

Swali la ishirini na moja lilitoka kwa Mhandisi wa mji, mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye miwani mizito na maneno machache.

"Nyumba yenye geti la kijani, njia ninayopita kwenda kazini. Ni kwako?"

"Ni kwangu."

"Samahani, mama. Ule uwanja wako una upele. Mtu ambaye kwake pako vile, nimkabidhi mji?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: si mimi, ni mume wangu. Maneno matano tu. Lakini upande wa kushoto wa meza alikaa karani anayekunywa kahawa na mume huyo huyo kila Jumapili, na Mama Pacha alijua kuwa kabla jua halijazama maneno hayo yangekuwa kwenye cherehani ya Fundi yakipigwa pindo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Nyumba ni yangu," akasema, "na lawama ni yangu."

Mhandisi alivua miwani, akaifuta. "Jumatatu saa kumi jioni nitapita kuona. Baada ya hapo tutaamua."

Alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Ijumaa ilipita hajasema neno. Mwanamke aliyewahi kumfukuza mwenyekiti wa klabu uwanjani pamoja na gari lake alishindwa kumwambia mtu mmoja, tena anayekoroma kando yake, kwamba hajui kukata nyasi. Alijichukia kwa hilo.

Jumamosi asubuhi mume akaitoa mashine, akakishusha kisu mpaka chini kabisa kama kawaida yake, akashika kamba ya kuwashia. Mke akatoka jikoni anakimbia.

"Baba Pacha, usiwashe!"

"Kuna nini? Nyoka?"

"Ukiwasha, nimeikosa kazi." Akamweleza yote, usaili, Mhandisi, upele, Jumatatu. Akaona ameshavuka mto, basi akamalizia na lililobaki. "Mume wangu, unakata vibaya. Unakata chini mno, kisu hujakinoa tangu watoto wako chekechea, na sasa wako bweni. Miaka kumi na tisa nakutazama dirishani na roho inanitoka."

Mume aliiachia kamba. Uso wake ulipoteza rangi, kisha ukarudisha rangi nyingi kuliko iliyotoka.

"Miaka kumi na tisa," akasema polepole. "Haya. Kwa kuwa leo ni siku ya kuambiana, na mimi nikwambie. Wali wako."

"Wali wangu una nini?"

"Una kila kitu! Chini mkaa, katikati uji, juu mchele mbichi. Mimi napika sufuria ya watu mia sita haiungui, nakuja nyumbani nakula sufuria ya watu wawili imeungua. Nakula, nasema ahsante mke wangu, naongeza."

"Unaongeza kwa sababu unaupenda!"

"Naongeza ili uishe!"

Mama Pacha aliumia. Hapo lazima tuseme ukweli: aliyekuja kumkosoa mwenzake aliumia zaidi ya aliyekosolewa. Alikuwa akiamini kwamba yule mtu anaongeza kwa utamu. Wakasimama pale kwenye nyasi zenye mabaka, mashine katikati yao, kila mmoja akiwa na kidonda kibichi. Kisha mume akauliza, sauti imeshuka:

"Na pale kwenye kamati, ulinitaja?"

"Sikukutaja."

"Karani hakuwapo?"

"Alikuwapo. Ndiyo maana sikukutaja. Nilisema lawama ni yangu."

Mume akasogea pembeni, akamwachia mpini wa mashine, akaingia ndani. Baada ya kidogo pazia la jikoni likavutwa mpaka mwisho, lisibaki hata upenyo wa jicho, na nyuma ya pazia ikasikika sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia: kisu kikikata kitunguu haraka haraka, tak-tak-tak, bila kusita.

Naye Mama Pacha alipiga magoti, akafungua kisu cha mashine, akakinoa kwa tupa mpaka kikang'aa, akakirudisha na kukipandisha juu. Akachana nyasi mfu kwa reki, akamwagilia, akakata ncha tu. Fundi aliinua shingo ng'ambo ya barabara.

"Mama Pacha! Mzee anaumwa?"

"Mzima wa afya. Naijaribu mashine tu."

"Unaijaribu kwa mistari iliyonyooka hivyo?"

Mama Pacha akageuza mashine, akaanza mstari mwingine. Mchana alikula wali wa mumewe nyuma ya pazia lile lililofungwa. Alikula sahani ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa sababu hakuweza kuacha. "Mtu una mkono kama huu, ukaniacha niteseke," akasema mdomo umejaa. Mume akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, ila pazia hakulifungua.

Jumatatu saa kumi Mhandisi akafika na wenzake wawili, mmoja wao karani. Mama Pacha aliwapokea getini akiwa na buti zake. Mistari ilikuwa imenyooka, ncha zilikuwa kijani, lakini vipara vilikuwa pale pale, vitano, vikubwa kama sinia. Mhandisi alivizunguka kimoja kimoja.

"Bado una upele."

"Bado," akasema Mama Pacha. "Ningeweza kupandikiza nyasi za kutoka uwanjani, usingegundua. Lakini ningekudanganya wewe, nyasi zenyewe nisingezidanganya. Hapa panataka wiki sita za maji na subira."

"Hilo umesema vizuri. Sasa niambie, mtu anayejua hivi, mbona aliacha pakafika hapa?"

Jibu alikuwa nalo, amelitunga tangu Ijumaa, kwamba kazi za uwanja zilimzidi. Alifungua mdomo alitoe. Mlango wa jikoni ukafunguka.

Mumewe, aliyeomba ruhusa kazini siku ile, akatoka. Alikuwa amevaa aproni, ile nyeupe ya shuleni, na mwiko mkononi unadondosha mchuzi. Alitembea mpaka katikati ya nyasi, peupe, mahali ambapo mtaa wote ungemwona, na ng'ambo ya barabara cherehani ikanyamaza.

"Nyasi hizi nimeziharibu mimi," akasema, tena kwa sauti ya kuitia foleni ya wanafunzi mia sita. "Miaka kumi na tisa. Sikumruhusu azishike, nikasema ni kazi ya mwanamume. Huyu ameanza kuzishika Jumamosi. Hiyo mistari ndiyo yake. Vipara ni vyangu, viandikeni jina langu."

Karani alitazama viatu vyake. Macho ya Mama Pacha, ambayo hayakulia hata klabu iliposhuka daraja, yakamwangusha mbele ya kamati. Alijua bei ya maneno yale. Alimjua mumewe na alimjua Fundi.

Mhandisi aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake, akalifunga. "Hicho kinachonukia ni nini?" akauliza.

"Maharage."

"Ya nani?"

"Yangu," akasema mume. Watu watatu wa baraza wakakaribishwa, wakala wamesimama, na karani akaongeza.

Walipoondoka, mume aliukung'uta mwiko kwenye ukingo wa kibaraza bila sababu. "Nimekuharibia?"

"Umechelewa miaka kumi na tisa," akasema mkewe, akipangusa macho kwa kofia. "Lakini umefika, mume wangu."

Fundi, kama ilivyotarajiwa, hakulala na lake. Jioni ile ile alipiga kelele kutoka ng'ambo: "Baba Pacha, hiyo aproni nikupunguzie kiuno?" Wapita njia wakacheka. Mume akasimama, mkewe akamwona shingo imekaza kama zamani. Kisha shingo ikalegea. "Punguza," akasema, "lakini ushonee na mfuko wa kuweka mwiko." Akaingia ndani, akalivuta pazia la jikoni likafunguka lote.

Barua ya baraza ilikuja baada ya siku tisa. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti kwenye kipara cha tatu, mikono imejaa udongo, nyasi changa zimeanza kuchomoza, kwa hiyo akamwambia mumewe aifungue na kuisoma. Mume aliisoma mara moja kwa sauti ya kawaida, kwamba ameteuliwa msimamizi mkuu, aanze tarehe moja. Mke akabaki amepiga magoti, anacheka peke yake. Mume akaisoma mara ya pili, lakini safari hii alikwenda kuisomea getini, aproni kiunoni, na kila neno akalitamka taratibu mpaka cherehani ya ng'ambo ikasimama.