Mchumba Aliyeomba Ufunguo

Cherehani ya Marietha imekaa kwenye baraza la duka la Gulbanu, mjini Lindi, na siku hiyo sindano iliachwa imezama katikati ya mkono wa gauni la mteja. Fundi mwenyewe alikuwa anacheza.

"Kapata! Restu wangu kapata chuo!"

Kigelegele chake kilimtoa Gulbanu ndani ya duka na mtungi wa pipi mikononi, akawa anawamwagia watu viganjani kama mama aliyeozesha binti. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua chumvi alijikuta kafungwa kanga kiunoni, anazungushwa, hata hajui anamshangilia nani.

Restuta, binti wa Marietha, alikaa kwenye benchi na simu ya mama yake, maana ya kwake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Kwa miezi mizima walikuwa wakisubiri jibu la chuo cha uuguzi. Kila asubuhi Marietha alimuuliza, "Imeingia?" na kila asubuhi ikawa bado. Ni mama ambaye hufunga komeo, akalala, kisha akaamka kulitazama tena. Mchele uliochaguliwa na mwenzake huuchagua upya. Leo, kwa furaha, komeo lote lilikuwa wazi.

Gulbanu ndiye aliyemchokoza. "Mama Restu, wewe unayechoma uzi wa kila kitenge changu ujue kama ni pamba, leo barua yenyewe hata hujaisikia! Msomee basi, Restu, na sisi tufaidi."

Restuta akasoma kwa sauti. "Hongera, mpendwa mwombaji. Umechaguliwa. Bonyeza hapa chini, uandike neno lako la siri kuthibitisha nafasi yako kabla ya adhuhuri. Ukichelewa, nafasi atapewa mwingine."

"Kabla ya adhuhuri!" akapiga kelele yule wa chumvi, ambaye sasa alikuwa mwenye shughuli kuliko wenye shughuli. "Bonyeza, mwanangu! Watu wanakaribia kwenda kuswali!"

Kidole cha Restuta kilikuwa kimeshanyooka.

"Ngoja," Marietha akasema, bado anahema. "Hilo neno la siri ndilo lipi?"

"Lile ninalofungulia maombi yangu ya chuo, mama. Vyeti, picha, kila kitu. Mwenye nalo anaingia, anabadilisha anachotaka. Hata kuniondoa anaweza."

"Kwa hiyo ni ufunguo."

"Ni ufunguo."

Marietha aliipokonya simu, akaitia kifuani. Alikuwa amewakumbuka washenga waliokuja kumposa kule Njinjo. Walikuja na maneno matamu, na walikuwa na haraka kweli kweli. Shangazi yake akawapa uji, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawajibu neno moja tu: "Tumewasikia." Walipoondoka, akamtuma mtu Milola, kwao mwanamume, kwa njia anayoijua mwenyewe, akaulize.

"Mchumba gani huyu," Marietha akasema, "hatujui kwao, jina la binti halijui, eti 'mpendwa mwombaji', na kabla hata ya uji anaomba ufunguo wa chumbani?"

Gulbanu akapaliwa na pipi yake mwenyewe. Lakini Restuta hakucheka, machozi yalimlenga. "Mama, kama ni kweli? Nafasi itakwenda!"

Marietha akaitoa simu kifuani, akaitazama upya. Ikiwa barua ni ya kweli, ni yeye, kwa mashaka yake, atakayemnyima mtoto chuo. Akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Tunakwenda kuuliza kwao," akasema. "Upesi."

"Kuna namba hapa chini ya barua."

"Hiyo ni ya kwake! Unamuuliza mchumba kama yeye ni mchumba mwema? Tafuta ile tuliyopewa siku tulipopeleka vyeti."

Ilikuwemo humo humo kwenye simu, imehifadhiwa kwa jina la karani wa chuo, Gregori. Marietha alimsalimia, akamuuliza hali ya nyumbani na ya watoto, Restuta akimkanyaga mguu, ndipo akaeleza shida yake, ya mchumba anayeomba ufunguo.

"Msibonyeze, mama!" Gregori akasema. "Hatujatoa jina la mtu yeyote. Tangu asubuhi napigiwa kuhusu barua hizo, na wengine wameshaandika neno la siri, hapa tunahangaika kuwabadilishia. Nitumie picha yake, usiijibu, kisha iripoti na uifute."

Restuta akaligusa jina la mtumaji. Juu liliandikwa jina la chuo, zuri kabisa. Chini ikatokea anuani yenyewe, ndefu, yenye mkia wa ajabu ambao chuo hakijawahi kuwa nao.

Watu wakatazamana, na pipi mashavuni.

"Pipi zangu!" Gulbanu akasema. "Rudisheni!"

"Mimi nimeshameza," akajibu yule wa chumvi.

Marietha akainuka akaanza kucheza tena, kuliko mwanzo.

"Wewe, sasa unacheza nini?" Gulbanu akamuuliza.

"Namcheza mchumba niliyemkataa!"

Basi wakacheka mpaka Gulbanu akashika mlango, na yule wa chumvi akaenda zake bila chumvi.

Wiki zikapita, ikaingia barua nyingine. Hii ilimtaja Restuta kwa majina yake yote, wala haikumwomba kitu. Ilisema tu kwamba majibu yametoka. "Tumewasikia," Marietha akaiambia simu. Restuta hakugusa chochote ndani ya barua. Aliingia kwenye ukurasa wa chuo kwa njia yake ya siku zote. Jina lake lilikuwepo. Akamwonyesha mama yake, mama yake akapiga simu.

"Mama Restuta, ni wewe tena?" Gregori akasema.

"Ni mimi, baba. Za nyumbani?"

"Njema. Kapata, mama. Huyu ndiye mchumba, na kwao ni hapa nilipokaa mimi."

Marietha akavuta pumzi, akaisogeza simu mdomoni ili na karani naye asikie, akafumbua kinywa apige kigelegele. Gulbanu alikuwa mlangoni, mtungi kwapani, kiganja kimekaza kifuniko.

"Kwanza niambie, Mama Restu," Gulbanu akamzuia. "Umemaliza kuchunguza?"

"Nimemaliza!"

Kifuniko kikafunguka.