Bibi Harusi wa Ukutani

Nilikuwa na kiherehere, sikatai. Skana ya kwanza ilipofika kwenye chumba cha intaneti nilikofanya kazi, karibu na soko kuu la Bujumbura, nilijiona nimekabidhiwa mji mzima. Vita vilikuwa vimeanza kuchoka. Watu wetu walitawanyika hadi Kigoma, Brussels na Kanada, na wengi walikimbia bila hata picha moja ya mama zao. Basi nikaamua kuziingiza kwenye kompyuta picha zote za zamani za mtaa wetu, Buyenzi, kabla mchwa na moto havijazimaliza. Kila Ijumaa baada ya swala niliweka moja kwenye jukwaa la intaneti walikopiga soga Warundi wa nje, na chini yake naandika: "Nani anawajua hawa?"

Ilikuwa raha jamani. Picha ya timu ya mpira ya mafundi magari iliwagombanisha watu wiki nzima juu ya nani alikuwa golikipa.

Shangazi yangu aliyenilea hakujali golikipa. Yeye alimtaka mtu mmoja tu, rafiki yake wa tangu utotoni, Mkristo wa mtaa wa Mutakura, aliyetoweka na watoto wake vita vilipoanza. Shangazi alimwombea kila siku, na kilichomtesa ni kwamba hakujua amwombee dua ya walio hai au ya marehemu.

Nikamwandikia tangazo zuri: jina kamili, mtaa, kanisa alilosali, anatafutwa. Kimya. Nikalirudia mwezi uliofuata. Kimya tena, nami nikaanza kuwalaumu watu wetu wa Ulaya kwamba wamekuwa na roho ngumu.

"We hauna akili," shangazi aliniambia. "Mutu alikimbia vita, anaona jina lake linatafutwa, atajibu? Atahama nyumba."

Nikaona haya, maana alisema kweli. Akapanda kwenye kigoda, akashusha picha ya harusi yake iliyoning'inia sebuleni tangu sijazaliwa. Bibi harusi amekaa kwenye kiti, shela imeshuka hadi kwenye nyusi, macho yamejaa wanja.

"Weka hii. Andika ni mi, siku ya ndoa yangu."

"Sasa hii itamsaidia nini rafiki yako, shangazi?"

"We andika tu."

Niliandika, tena nikatia chumvi yangu: tazameni uzuri wa mabibi harusi wa Buyenzi, tazameni shangazi yangu alivyokuwa. Sifa zikamiminika. Nilitembea siku nne kifua mbele, kana kwamba aliyeolewa ni mimi.

Siku ya tano ukaingia ujumbe mrefu, hauna hata salamu. Aliyeuandika alisema mama yake yuko hapo pembeni, amemshika bega, anamwamuru achape: huyo si bibi harusi, huyo ni yeye mama. Bibi harusi alikuwa amefungiwa ndani siku saba, kama ilivyokuwa desturi kwao, haruhusiwi kuonwa na mwanamume wa nje, na mpiga picha ni mwanamume. Wakwe nao walikuwa wanadai picha. Ndipo wasichana wawili wakabadilishana nguo nyuma ya pazia, na yeye Mkristo akavaa shela, akaenda kukaa kwenye kile kiti. "Waache kudanganya watu," ujumbe uliishia hivyo.

Nilichemka. Mimi mtunza historia ya Buyenzi nimeuonyesha ulimwengu bibi harusi wa bandia! Nikautoa ule ujumbe kwenye karatasi, nikaenda nao nyumbani karibu nikikimbia.

"Shangazi, umeniaibisha," nikasema, nikamsomea wote kwa hasira mpaka mwisho.

Hakujitetea. Aliuliza kitu kimoja tu. "Mama yake anasema? Anasema sasa hivi, leo?"

"Ndiyo. Amekaa pembeni ya binti yake."

Akaketi chini kwenye mkeka palepale, akafunika uso kwa mtandio, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa analia kweli, lakini alipofunua uso alikuwa pia anacheka, meno yote nje. Marehemu mume wake, akasema, alikufa anajua ile picha ni ya mkewe. Duniani ni yeye na rafiki yake tu walioijua siri ile.

"Uyu namujua tangu tuko watoto. Ukimutafuta, atajificha. Lakini akiona uongo, apana, awezi kunyamaza."

Hasira yangu sijui ilikwenda wapi. Nilimkumbatia, tukalia pamoja kama wajinga. Kisha nikachukua kalamu, nikamuuliza nijibu nini.

Alifikiri kidogo, akajipangusa pua.

"Mwambie nguo yangu ilirudi imepasuka kwapani. Na ajue mi nangoja aje aishone."