Kisahani cha Dumu

Mwanangu, mengi ya ujana wangu yamefifia, lakini siku niliyomwaibisha pacha wangu mbele ya lori lililojaa vijana haijafifia hata kidogo. Ilikuwa Ijumaa mchana, pale Kasulu karibu na soko, katika miaka ile ya sabini. Kaa hapa nikusimulie. Juzi nilikusikia ukimjibu dada yako, na jibu lile nililitambua, maana liliwahi kutoka kinywani mwangu mwenyewe.

Mimi, kama ujuavyo, ni Bukuru, na pacha wangu, shangazi yako, ni Butoyi. Sisi Waha mapacha wakizaliwa hatuhangaiki kutafuta majina: wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, basi. Nilimtangulia kwa muda wa kuchemka chai, ila nilijifanya nimemzidi miaka kumi.

Siku hizo alikuwa amepita kwetu mgeni mmoja kijana, Mwalimu Henriki, aliyekuja kufundisha useremala. Alileta visahani vitatu vya plastiki. Watu walidhani ni vya kulia ugali, kumbe ni vya kurusha hewani. Alitufundisha mchezo wake. Unapaka chokaa kwenye vigogo vya mikaratusi tisa iliyoachana. Unasimama pa kuanzia, unarusha kisahani kuelekea mti wa kwanza, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kigonge chokaa. Kisha mti wa pili, hadi wa tisa. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Henriki alirudi kwao na visahani vyake vikapasuka kimoja kimoja, lakini mchezo ulibaki. Ukawa na watu wake Kasulu, ukawa na watu wake Kibondo, na ubishi kati yetu ulikuwa mkubwa hata katekista aliwahi kutuonya kanisani.

Kwa mrusho wa kwanza, ule wa kwenda mbali, hapakuwa na mtu Kasulu nzima wa kunifikia. Nilikuwa nikirusha, wenzangu wananyamaza. Ukimya ule niliupenda kuliko makofi.

Kisha nikaanguka na baiskeli nikishuka kutoka Kabanga. Mkono wa kulia ulivunjika karibu na kiwiko. Hospitalini wakanifunga hogo, lile gamba jeupe linaloushika mfupa utulie, wakaniambia nirudi baada ya wiki sita. Ya nne haikwisha. Kulikuwa na mchezo Jumapili, nikachukua kisu nikalikata hogo mwenyewe, nyuma ya zizi la mbuzi. Waliolifunga hawakuwa na kosa, mwanangu. Kosa lilikuwa langu na haraka yangu. Mfupa ulishika, ila mkono haukunyooka tena sawasawa, na nguvu yake haikurudi yote. Sikumwambia mtu. Nikirusha karibu, nasema nimeteleza. Nikirusha ovyo, nasema ni upepo. Wenzangu waliniamini, au walinionea huruma, sijui.

Butoyi wakati huo alikuwa akijifunza ufundi kwa Mama Nahimana. Mama huyu alikimbia kutoka Burundi akiwa na watoto wanne na mzigo mmoja, akaanza maisha sokoni kwa kuziba mabeseni na madumu yaliyotoboka. Kazi yake ilikuwa ya jiko la mkaa na chuma cha moto. Alizijua plastiki kama mama yako anavyoyajua maharage. Ungempa kipande, angekikunja, angekinusa, angekigonga kwa kucha, kisha angekwambia kitaishi miaka mingapi.

Visahani vya Henriki vilipokwisha, Butoyi ndiye aliyetutengenezea vingine. Alichonga kalibu ya mti, akawa analainisha vipande vya plastiki juu ya makaa na kuvikandamiza humo, kisha anasawazisha ukingo kwa wembe. Mwanzoni alijaribu mabeseni laini. Hayo hayavunjiki, lakini jua likipanda yanalegea, na kisahani kikirushwa kinapepesuka kama kuku aliyetupwa juu ya ua. Akajaribu ndoo ngumu. Kisahani cha ndoo kiliruka kwa nidhamu, ila kilitaka mkono wa nguvu. Ukikirusha kwa unyonge kinakatiza kushoto na kudondoka. Tena kikigonga jiwe asubuhi ya baridi, unabaki na vipande. Mwishowe akajaribu dumu la mafuta ya kula. Plastiki ya dumu haina uzuri, rangi yake ni ya uji uliolala, lakini ukiikunja inarudi, ukiigonga inakwaruzika tu. Na kuna jambo ambalo yeye na Mama Nahimana walilijua, sisi wengine hatukulijua: kisahani cha dumu kinabadilika tabia kadiri kinavyotumika. Kikiwa kipya nacho kinavuta kushoto. Kikigongwa sana ukingoni, ule ukaidi unakitoka, hata mtu asiye na nguvu nyingi akikirusha kinanyooka.

Basi, Ijumaa ile tulikuwa tunaondoka kwenda Kumsenga kucheza na wenzetu wa Kibondo. Tulipata nafasi kwenye lori lililokuwa limeleta mahindi. Shabani, rafiki yangu ambaye baba yake alikuwa na duka mjini, alikuwa ameletewa kisahani na mjomba wake wa pwani. Chekundu, kigumu, kinang'aa hata unajiona uso. Akanipa nikitumie, kwa kuwa mimi ndiye mrushaji wa kwanza. Nilipanda lori nimekishika kifuani kama mwenye mtoto.

Butoyi akaja mbio kutoka sokoni. Kiganja cha mkono wake mmoja kilikuwa kimefungwa kitambaa kwa kuungua. Akafungua upindo wa kanga akatoa kisahani cha dumu, akaninyooshea juu.

"Bukuru, chukua hiki. Nimekutengenezea wewe."

Nikakitazama. Kilikuwa na mikwaruzo kila mahali, ukingo umesagika, utadhani kimechezewa na fisi. Wenzangu walikuwa wanatazama. Nikaona aibu, mwanangu, na aibu ya kijana hutafuta mtu wa kumtwika.

"Umekiokota jalalani?" nikasema kwa sauti ili wote wasikie. "Mimi nirushe takataka ya madumu mbele ya watu wa Kibondo?"

Lori zima likacheka. Butoyi alikirudisha kisahani kwenye upindo wa kanga, akakifunga taratibu kwa ule mkono mzima, akasema, "Msafiri salama." Alilisema kwetu sote, si kwangu. Dereva akawasha gari. Nilimwona amesimama pale pale mpaka vumbi likamfunika, na moyoni nikajiambia atasahau.

Asubuhi ya Jumamosi Kumsenga iliamka na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Wenyeji wetu walitupokea vizuri, wakatupa uji wa moto, wakatuonyesha miti yao. Nikasimama pa kuanzia na kisahani chekundu. Watu wakanyamaza, ule ukimya wangu wa zamani. Nikarusha.

Kiliondoka kizuri. Kikaenda, kikaenda, kisha kabla ya kufika mbali kikalala upande, kikakatiza kushoto na kuzama kwenye shamba la mihogo.

"Upepo," nikasema.

Mwalimu mmoja mrefu wa Kibondo alitazama majani ya mgomba uliokuwa karibu nasi. Hata moja halikutikisika.

Mti wa pili, kushoto. Mti wa tatu, kushoto. Nilianza kurusha kwa hasira, na kiwiko kikaanza kuniuma hadi begani. Mti wa tano kisahani kiligonga kigogo pembeni, ukingo ukamegeka. Baada ya hapo kiliruka kwa kutetemeka kama mtu mwenye homa. Mti wa saba kikapiga jiwe. Tulisikia mlio mkavu, kisha nusu ikaenda huku na nusu ikaenda kule. Nikaazima kisahani laini cha mwenzangu nikamalizia nacho, kikipepesuka, na wenyeji wakijitahidi kutocheka. Tulishindwa kwa mirusho minne. Wenzangu wote walicheza sawa na wenzao wa Kibondo. Ile minne ilikuwa yangu.

Kwenye lori la kurudi hakuna aliyenilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Shabani alikaa na vipande viwili mapajani, mara kwa mara akijaribu kuvikutanisha.

Nilifika Kasulu Jumapili alasiri. Jumatatu nikaenda sokoni kumtafuta Butoyi, maana nyumbani alikuwa akiniwekea chakula na kuondoka. Hakuwepo. Alikuwepo Mama Nahimana, amekalia kigoda, anaziba dumu. Nikamwamkia: "Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Aliendelea kuzungusha chuma cha moto kwenye tundu mpaka likaziba, akalipuliza, ndipo akaniinulia uso.

"Shikamoo yako baki nayo kwanza," alisema kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani. "Nenda kwenye tanuri la matofali la baba yenu. Uangalie ule ukuta wa nyuma. Ukishauangalia, ndipo urudi uniamkie."

"Kuna nini, Mama?"

"Macho si unayo? Nenda."

Nikaenda. Tanuri lilikuwa kando ya shamba letu, halijachomwa tangu mwaka uliotangulia. Nikazunguka nyuma. Ukuta wote, kwa kimo cha kifua cha mtu, ulikuwa umejaa michirizi ya rangi ya uji, mamia kwa mamia, mingine juu ya mingine. Na kutoka pale ukutani hadi hatua kama thelathini nyuma, majani yalikuwa yamekufa, pamekuwa njia nyembamba. Mtu alikuwa amekwenda na kurudi hapo, kwenda na kurudi, siku nyingi. Anarusha, anafuata, anaokota, anarudi.

Nilikuwa bado nimesimama nilipomsikia Butoyi nyuma yangu. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani.

"Nani kakuleta huku?" akauliza.

"Mama Nahimana." Kisha nikasema, "Ulikuwa unakigonga makusudi?"

Alitua ndoo. "Ego, ndiyo. Miezi miwili. Kila nikitoka sokoni, na kikipinda nakirudisha kwenye makaa. Kipya kingekuvuta kushoto."

"Kwa nini kinivute kushoto?"

Uso wake haukuwa na hasira, na mimi nilitamani uwe nayo.

"Bukuru, shati siku hizi unaanza kuvaa na mkono upi?"

Niliurudisha mkono wa kulia nyuma ya mgongo.

"Unaanza na wa kulia, unauingiza kwa kusaidiwa na wa kushoto. Zamani hukuwa hivyo. Kikombe unakishika kwa kushoto, unasema chai ni ya moto. Ulidhani sioni? Tumelala tumbo moja."

Mwanangu, nilikaa chini pale pale kwenye majani nikalia kama mtoto. Miezi yote ile nimekuwa nikiuficha mkono wangu, na yeye amekuwa akiuficha pamoja nami. Hakuniambia "Umedhoofika." Hakumwambia baba. Alichukua dumu bovu, akaunguza kiganja chake, akaja hapa jioni baada ya jioni kukilainisha kisahani kwa kukigonga, ili mkono wangu mbovu ukirushe kinyooke na watu wasijue. Nami nikakiita takataka, na lori zima likacheka.

"Nisamehe," nikamwambia. "Ni mimi niliyekuwa naona aibu. Haikuwa yako."

"Mawe!" akasema, kama sisi Waha tunavyomwita mama tukiguswa, akipangusa macho kwa kanga. "Lakini uliniumiza, Bukuru. Usije ukarudia tena."

"Sitarudia."

"Haya, inuka. Unalia kama umevunjika na mkono wa pili."

Akaenda kukitoa kisahani ndani ya mdomo wa tanuri alikokuwa amekitupa kwa hasira siku ile ya lori. Nikasimama, nikarusha kwa nguvu niliyokuwa nayo, bila kujikaza. Kikaondoka, kikaelea, kikaelekea kulia kidogo, kikarudi, kikatua mbele kabisa, sawa na nilipokuwa nimetazama. Butoyi alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Nilirudi sokoni kumwamkia Mama Nahimana mara ya pili. "Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akanikabidhi pepeo nimpepelee makaa. Nilipepea hadi soko lilipofungwa.

Mvua zilipokwisha, wenzetu wa Kibondo walikuja Kasulu. Kabla ya kuanza nilisimama mbele yao wote, wakiwemo wale wale wa kwenye lori, nikasema mkono wangu umevunjika na hauko kama zamani, na kisahani hiki nilitengenezewa na dada yangu Butoyi, huyo hapo. Sikushinda. Yule mwalimu mrefu alinipita kwa mirusho miwili, akaja kunipa mkono, akaomba ruhusa ya kukigeuzageuza kisahani kile, kisha akamwuliza Butoyi maswali mpaka jua likaanza kushuka. Ndiyo, mwanangu, ni huyo huyo. Ndiye shemeji yangu, baba wa binamu zako wa Kibondo.

Sasa sikiliza ninachotaka kukuambia. Utakapodhoofika mahali, na lazima utadhoofika, yupo atakayeona kabla hujasema. Mara nyingi ni mtu wa nyumbani, ambaye humtazami sana kwa sababu umemzoea. Atakuletea kitu kisichong'aa, kilichokwaruzika, kilichotengenezwa kwa kipimo chako. Usikitazame kwa macho ya wenzako walio kwenye lori. Kipokee kwa mikono miwili. Kama huna maneno, sema asante tu, inatosha. Na kama umeshamwumiza, usingoje asahau, kwa sababu hasahau. Nenda kwake kwa miguu yako. Ukimwaibisha mtu hadharani, mwombe radhi nyumbani kisha umheshimu hadharani, pale pale ulipomwangusha. Udhaifu wako useme mwenyewe mapema. Nakuambia niliyeusema kwa kuchelewa: siku niliyousema ndipo nilipolala vizuri.

Basi inuka, dada yako yuko jikoni. Mungu akupe watu wanaokuona, na akupe macho ya kuwaona wao. Ulimi wako uwe mwepesi wa shukrani, nyumba yako isikose wa kucheka nawe, na uzee ukikufikia ukukute na ndugu zako mkigombania sukari ya chai kama mimi na Butoyi. Nenda, mwanangu, na amani iende nawe.